Minyoo bapa kwenye Acropora: ndoo tupu iliyonidanganya

Tangi langu la maji ya chumvi, ninamofugia matumbawe, ni la lita 400, lina umri wa miaka minne. Kisa kinapoanza lilikuwa na mashina 14 ya Acropora, tumbawe gumu lenye matawi, na matumbawe magumu mengine mawili: Montipora kadhaa za kutandaa kama sahani na mashina mawili ya Seriatopora, na matumbawe laini machache chini kabisa kwenye kivuli. Ubavuni kuna tangi dogo la lita 60 ninakokuzia vipande vya matumbawe. Maji ya matangi yote mawili hushuka kwenye hodhi moja chini ya meza kabla ya pampu kuyapandisha tena. Hilo la hodhi moja nitalirudia, maana ndilo lililoniponza.

Dalili ya kwanza ilikuwa rangi. Shina la kijani la upande wa kushoto lilianza kufifia kuanzia kitakoni, polepole, kama nguo inayopauka kwa kuanikwa juani kila siku. Polipu zake, yaani vijinyama vidogo vyenye minyiri vinavyolijenga tumbawe, ambazo kwa kawaida huchanua hadi shina zima likaonekana lina manyoya, zilijificha mchana na usiku. Wiki moja baadaye shina la zambarau lililo jirani yake likafuata. Kisha weupe ukaanza kupanda: nyama ya tumbawe ikarudi nyuma, ikaacha kiunzi kitupu, na mwani ukawahi kuota hapo.

Nilifanya kile ambacho karibu kila mfugaji wa matumbawe hufanya, nikashuku maji. KH, yaani kipimo cha alkali ya maji, ilikuwa digrii 8, kalsiamu miligramu 430 kwa lita, nitrati 5, fosfati 0.04, chumvi gramu 35 kwa kilo, joto nyuzi 25.5. Hapakuwa na kipimo hata kimoja cha kutilia shaka. Bado nikapunguza mwanga kwa asilimia 20, nikabadilisha robo ya maji mara mbili, nikaweka mkaa mpya wa kuchujia, nikahamisha pampu ya mawimbi. Wiki tatu zikaenda hivyo. Kila nilichobadilisha kiliyachosha matumbawe zaidi, nami nikauhesabu uchovu huo kuwa ushahidi kwamba maji ndiyo mabaya.

Jawabu lilikuwa mbele ya macho yangu muda wote. Montipora zilikuwa zinakua. Seriatopora, ambayo nayo haina subira na maji yanayoyumba, ilikuwa imechanua. Zilizougua ni Acropora peke yake, na ziliugua moja baada ya nyingine, kuanzia pembe moja ya tangi. KH ikiyumba haiulizi tumbawe ni la jenasi gani, wala haianzii kushoto ikaenda kulia. Kinachochagua hivyo ni mdomo. Walaji wengi wa matumbawe ni wachaguzi kupindukia: konokono uchi Phestilla subodiosa, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 2020, hushambulia Montipora, ndugu yake Phestilla melanobrachia hula Tubastraea, na Tegastes acroporanus, kidudu cha manjano chenye doa jekundu na urefu wa kama nusu milimita, huishi juu ya Acropora. Siku hizi nikiona jenasi moja inaugua na nyingine zimenawiri, vifaa vya kupimia maji hubaki kabatini na mkono huenda kwenye lenzi.

Usiku mmoja nilizima pampu zote, maji yakatulia, nikalichunguza lile shina la zambarau kwa tochi na lenzi kupitia kioo. Tegastes sikumwona. Nilichoona ni madoa ya mviringo, meupe, ya kama milimita moja, yamejipanga upande wa chini wa matawi, mahali ambapo mtu aliyesimama mbele ya tangi hapaoni. Upande wa juu wa tawi lile lile nyama ilikuwa na rangi yake. Mlaji mwenyewe hakuwapo, au ndivyo nilivyodhani.

Nikachukua bomba la sindano la mililita 60, lisilo na sindano, nikalijaza maji ya tangi lenyewe na kupuliza kwa nguvu kandokando ya tawi. Mara ya kwanza zilitoka kamasi tu. Mara ya pili pakabanduka kitu kama ganda la kitunguu, chembamba hadi kinapitisha mwanga, chenye umbo la jani, karibu sentimita moja. Kikaelea huku kingo zake zikijikunja na kujikunjua, kikatua juu ya jiwe, na palepale kikaanza kutambaa kurudi kwenye shina. Nusu dakika kabla ya hapo nilikuwa nimemtazama mnyoo huyu kwa lenzi, umbali wa kiganja, na sikumwona. Nikapuliza tena. Wakaja wengine wawili.

Huyu ni Prosthiostomum acroporae, mnyoo bapa anayekula Acropora. Wafugaji walimjua kabla ya wataalamu. Alielezwa kisayansi mwaka 2011 kwa jina la Amakusaplana acroporae, kutokana na minyoo waliotoka kwenye matangi, na mwaka 2012 ndipo ikaripotiwa mara ya kwanza kwamba ameonekana baharini, kwenye Great Barrier Reef huko Australia. Baadaye akahamishiwa jenasi aliyo nayo sasa. Hula kwa koromeo lenye umbo la bomba, analolitoa na kulibandika juu ya nyama ya tumbawe, na ndiyo maana alama zake ni za duara. Mwani unaoishi ndani ya tumbawe humezwa pamoja na nyama na kubaki tumboni mwake, kwa hiyo mnyoo anayekula shina la kahawia hugeuka wa kahawia. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa na matumbawe akilini, lakini huyu amevaa nguo yenyewe.

Kila mnyoo ana viungo vya kiume na vya kike, na mayai yake huyabandika kwenye kiunzi kitupu, mpakani kabisa na nyama hai. Niliyaona siku iliyofuata nilipolitoa shina la kijani majini na kuligeuza: vifuko vya rangi ya dhahabu iliyokolea, vimepangwa karibu karibu kama vigae vya paa, kundi la vifuko ishirini na kitu. Kila kifuko hubeba viini zaidi ya kimoja. Ukiyatazama mayai hayo kwa haraka utadhani ni kutu.

Wafugaji wa ng'ombe wana neno zuri kwa kazi iliyofuata, nalo ni josho. Unachanganya dawa kwenye ndoo ya maji ya chumvi, unachovya shina zima, unalisukasuka, unalisuuza kwenye ndoo ya pili na ya tatu, kisha unalirudisha. Nilitumia levamisoli, ile ile inayotumika kutibu minyoo ya mifugo. Kipimo sikiandiki hapa kwa sababu nguvu ya dawa inayouzwa hutofautiana kutoka chupa hadi chupa, na Acropora iliyozidishiwa haina njia ya kukulalamikia ila kuvua nyama yake yote usiku huo huo. Ila kuna jambo moja la kujua: levamisoli hupoozesha kwanza. Mnyoo hukunjamana na kulegea, lakini asipopulizwa kwa bomba anaweza kubaki amenasa katikati ya matawi, akazindukana tangini. Kwa hiyo kazi kubwa ni ya bomba, na dawa ni msaidizi. Maji ya ndoo hiyo hayarudi tangini, hata tone.

Siku ya kwanza nilihesabu minyoo 31 chini ya ndoo nyeupe, kutoka mashina 14. Shina la zambarau peke yake lilitoa 9. Nilipitisha mswaki kwenye vitako nilivyoweza kuvifikia, nikakwangua mayai niliyoyaona, nikarudisha mashina mahali pake. Matatu hayakuweza kutoka kwa sababu vitako vyake vilikuwa vimetandaa na kuungana na mwamba. Hayo nikayavunja juu ya kitako, nikachovya matawi, nikaacha vitako na nyama yake mwambani, nikijiambia vitachipua upya. Vipande vilivyomeguka nikavipachika kwenye tangi dogo.

Siku ya saba nikarudia josho. Nikasukasuka, nikapuliza, nikamulika ndoo kwa tochi. Hakuna kitu. Nikarudia kwa shina la zambarau, mara tatu. Hakuna. Nilifurahi kuliko ninavyotaka kukiri, nikaosha ndoo nikaziweka stoo.

Hapo ndipo kisa hiki kilipoharibikia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 juu ya maisha ya mnyoo huyu ulionyesha kwamba kwenye nyuzi 27 mayai huchukua wastani wa siku 11 kuanguliwa, na kizazi kimoja hadi kingine huchukua siku zisizopungua 38. Kwenye nyuzi 24 kizazi hicho hurefuka hadi siku 64. Tangi langu lilikuwa nyuzi 25.5, katikati ya hizo mbili, kwa hiyo mayai yangu yalihitaji muda zaidi ya siku 11. Na majosho ya aina hii hayaingii kwenye kifuko cha yai. Sasa weka josho la siku ya saba ndani ya kalenda hiyo. Wakubwa walikwisha kung'olewa siku ya kwanza. Watoto hawajazaliwa. Ndoo ingetoka tupu vyovyote vile, hata kama kila kitako kingekuwa kimejaa mayai. Nilikuwa nimepima siku ambayo kipimo hakiwezi kusema kitu, nikalipokea jibu lake kama hati ya afya.

Wiki sita baadaye madoa yalirudi, safari hii yakianzia kwenye tangi dogo. Kule kulikuwa na vipande vichanga, vyenye nyama laini, na viliisha kwa siku kumi. Mashina makubwa matatu yalikufa mwezi huo.

Sababu za kushindwa zilikuwa tatu, na dawa haimo. Ya kwanza ni hiyo kalenda. Ya pili ni vile vitako vitatu nilivyoviacha mwambani: palikuwa na nyama ya kula na kiunzi cha kutagia, bila josho, katikati ya tangi. Ningekuwa nimeamua kufuga minyoo nisingeandaa vizuri zaidi. Ya tatu ni hodhi. Kitoto cha mnyoo huyu kikianguliwa huweza kuogelea na si kutambaa tu, na utafiti ule ule ulikuta vitoto vinaishi hadi siku 9 bila Acropora. Siku tisa ni muda wa kutosha kabisa kushuka bombani, kupita kwenye hodhi na kupandishwa na pampu hadi tangi la pili. Mimi niliyahesabu kuwa matangi mawili, na kwa mnyoo lilikuwa moja.

Rafiki mmoja aliniuliza kama sina samaki wa kuwala. Ninaye. Pseudocheilinus hexataenia, yule mdogo wa mistari sita, alikuwamo tangini tangu mwaka wa pili, na simdharau, maana minyoo bapa anawala kweli. Lakini anawinda mchana kwa macho, usiku analala ndani ya kifuko cha kamasi, na mayai yale hayamshughulishi. Nadhani alichokifanya kwangu ni kuwapunguza minyoo kiasi cha kunichelewesha kuwagundua. Kamba Lysmata vittata ana sifa bora zaidi kwa upande huu, kwani kwenye majaribio amekula minyoo na mayai pia. Ningemweka kama mlinzi wa tangi safi. Kumtegemea asafishe tangi lililokwisha kuvamiwa ni jambo jingine, na sikulijaribu.

Mara ya pili nilianza na karatasi kabla ya ndoo.

Acropora zote 11 zilizobaki zilitoka, hata zilizoonekana nzima. Zile zilizoungana na mwamba nilizitoa pamoja na jiwe, kwa patasi. Palipobaki alama ya nyama mwambani nilipafunika kwa udongo wa epoksi, kipande kizima, bila kuacha ufa, kwa sababu lengo lilikuwa tangi lisiwe na hata ukucha mmoja wa Acropora. Nilipandisha joto la tangi kubwa kidogo kidogo hadi nyuzi 27, kusudi mayai yaliyobaki mwambani yaanguliwe mapema na vitoto vikose chakula. Hesabu ya haraka ni siku 11 kuanguliwa na siku 9 kufa njaa, yaani 20. Lakini 11 ni wastani, yapo mayai yanayochelewa, na mnyoo aliyekwisha kukomaa ana akiba mwilini ambayo kitoto hana. Nikaamua wiki 10. Tangi dogo nililimwaga, nikalisuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, nikaliacha likauke.

Karantini ilikuwa na vyombo viwili vya lita 60 visivyogusana na chochote: kila kimoja na kipasha joto chake na pampu yake, na bomba la sindano, mswaki na taulo visivyokaribia tangi kubwa. Kila baada ya josho, vipande vilihamia kwenye chombo cha pili chenye maji mapya yaliyochanganywa siku moja kabla, na kile cha kwanza kilioshwa na kukaushwa hadi zamu yake ifike. Inakula chumvi kweli kweli. Lakini kitoto kilichoachwa kwenye kioo cha chombo hufa kikavu, na huna haja ya kukitafuta.

Kabla ya josho la kwanza nilifanya kile nilichokiogopa mara ya mwanzo: nikakata. Kila shina nililikata kwa koleo juu ya mpaka wa nyama, kama nusu sentimita ndani ya sehemu hai, nikatupa kitako chote pamoja na kigae chake, yaani kile kibao kidogo cha kupachikia tumbawe. Mayai hukaa kwenye kiunzi kitupu, na pasipo na kiunzi kitupu hapana pa kuyaficha. Mashina 11 yakawa vipande 26. Inauma kukata shina ulilolilea miaka mitatu, hasa unapolitazama na kuona juu bado ni zima. Vipande nikavigundisha kwenye vigae vipya, gundi ikifunika jeraha lote ili kiunzi kisibaki wazi.

Majosho yalipangwa siku ya 0, 7, 14, 21, 28, 42 na 56. Siku ya 0 nilipata minyoo 9. Siku ya 7 ndoo ilikuwa tupu, na safari hii nikaandika tu kwenye daftari na kwenda kulala. Siku ya 14, nikiwa na lenzi juu ya ndoo nyeupe, niliona vidoa vitano visivyozidi milimita moja, ambavyo ningeviita vumbi kama kimoja kisingejikunja. Hivyo ndivyo vilivyonikwepa mara ya kwanza. Vilitoka kwenye vipande viwili vya shina moja, na nilipoviangalia upya nikakuta ufa chini ya gundi, na ndani yake vifuko vinne vilivyopasuka. Nikakata tena. Siku ya 21 kilipatikana kimoja. Siku ya 28, ya 42 na ya 56, hakuna.

Kwa hesabu kavu, majosho mawili yaliyopangwa vizuri yangetosha: la pili liangukie baada ya mayai yote kuanguliwa na kabla mnyoo wa kwanza hajakomaa na kutaga. Pengo hilo kwenye nyuzi 27 ni pana kiasi. Sikuliamini, kwa sababu josho moja linaweza kukosa mnyoo mmoja, na mmoja aliyekoswa huishi mpaka la pili, na labda akakoswa na hilo pia. Gharama ya kurudia niliilipa pia: vipande vitano kati ya 26 vilikufa karantini, na mnyoo hakuhusika. Ni uchovu wa kuchovywa kila wiki. Ningefanya tena ningeacha josho la siku ya 7 kabisa. Lilivitesa vipande bila kuwa na kitu cha kukamata.

Siku ya 70 vipande 21 vilirudi tangini. Miezi minane imepita. Kila Jumapili usiku pampu huzimwa na bomba hupita juu ya kila tawi, na bado zinatoka kamasi tu. Shina la zambarau, sasa vipande viwili, halijarudia rangi yake ya zamani, lina weupe kidogo kwenye ncha, na polipu zake huchanua usiku tu.

Mahali mnyoo alipoingilia napajua, ingawa muuzaji aliapa kwamba kila kipande chake huchovywa. Nadhani alisema kweli. Kipande chenyewe kilikuja juu ya kigae kikuukuu, chenye sentimita mbili za kiunzi kitupu pembeni, nami nikakichovya tena kilipofika, nikakipachika siku hiyo hiyo. Sasa kipande kipya hukatwa kwanza, kigae chake kinakwenda takatakani, kisha kinakaa siku 45 peke yake kwenye maji ya nyuzi 27.